Nani Alipaye Kafara?

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno kadhaa ya kutaja tendo la mwanadamu la kutoa kitu kwa ajili ya nguvu asizoziona. Tuna sadaka, tuna tambiko, tuna dhabihu, tuna kafara. Wenye haraka huyachanganya, lakini wazee waliotuachia lugha walijua kwa nini hawakutosheka na neno moja. Sadaka hutolewa kwa moyo mweupe, na mara nyingi humfikia maskini. Tambiko huwaunganisha walio hai na wazee wao waliolala. Dhabihu ni kile kichinjwacho. Kafara ni kile kitolewacho ili balaa liepukwe au kosa lifutwe. Na neno hili, lililotujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kufidia dhambi, siku hizi limeingiwa na giza. Mtu akitajirika ghafla majirani hunong'ona kwamba ametoa kafara, na hapo hawasemi habari ya mbuzi.

Katika makala haya twapenda kuuliza swali moja la maadili. Ikiwa watu wa kila pembe ya dunia wametoa, na ikiwa sanaa nyingi nzuri imezaliwa katika kutoa huko, ni kwa kipimo gani twaweza kusema kwamba kutoa huku ni haki na kule ni uovu? Tutaanzia mbali, kwa Waazteki na Wamaya wa bara la Amerika, ambao vijana wetu hukutana nao vitabuni majina yao yakiwa yamelowa damu. Kisha tutarudi mlimani kwetu, penye Kibo na Mawenzi, tuwatazame Wachaga na kiapo chao cha kamba. Maana hukumu ya mtu juu ya watu wa mbali haiwi ya haki mpaka aweze kujihukumu nyumbani kwake.

Waazteki, waliojiita Wameksika, walijenga mji wao wa Tenochtitlan juu ya kisiwa ziwani, mahali ulipo leo mji mkuu wa Meksiko. Katikati ya mji lilisimama hekalu kubwa lenye ngazi mbili na vihekalu viwili kileleni: kimoja cha Tlaloc, mungu wa mvua, na kingine cha Huitzilopochtli, mungu wa jua na vita. Hapo watu walichinjwa. Kifua kilipasuliwa kwa kisu cha jiwe, moyo ukatolewa. Wengi walikuwa mateka wa vita. Wengine walikuwa watumwa walionunuliwa. Na kwa Tlaloc walitolewa watoto wadogo, ambao machozi yao yalihesabiwa kuwa dalili ya mvua. Wahispania walioingia mjini mwaka 1519 wakiongozwa na Hernán Cortés, wakauangusha Agosti 1521, waliandika hesabu kubwa mno za waliochinjwa, na wasomi hawazikubali zote. Lakini tendo lenyewe halina shaka. Mwaka 2015 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta karibu na hekalu hilo mnara wa mafuvu ya watu yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Kufikia mwaka 2020 yalikuwa yamehesabiwa mafuvu zaidi ya 600, ya wanaume, ya wanawake na ya watoto.

Kwa nini walifanya hivyo? Wasimulizi wao walieleza kwamba jua la zama hizi lilizaliwa pale Teotihuacan, miungu walipokusanyika gizani kuuzunguka moto. Mungu mmoja mwenye fahari aliuendea moto mara nne, na mara nne akasita. Ndipo Nanahuatzin, mungu mnyonge mwenye mwili wa vidonda, akajitosa, akateketea, akawa jua. Jua lilichomoza lakini halikuweza kwenda, mpaka miungu waliobaki nao walipotoa uhai wao. Basi kila alfajiri Mwazteki aliamka akiwa mdaiwa, na neno alilotumia kwa tendo la kuchinja lilikuwa na maana ya kulipa deni.

Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika simulizi hii hakuna aliyemsukuma mwenziwe motoni ili yeye apate mwanga. Nanahuatzin alijitosa mwenyewe. Simulizi ni ya ukarimu, na mtu wa dini yoyote aweza kuitambua. Ila lilipofika zamu ya wanadamu kulipa, aliyepandishwa ngazi hakuwa mfalme aliyekiri deni. Alipandishwa mateka wa kijiji kilichoshindwa, ambaye pengine hakuwa na shauri lolote katika deni hilo.

Sasa tuitazame sanaa. Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba barabarani katika mji wa Meksiko waligonga jiwe kubwa la duara, ambalo kipenyo chake chapita mita 3. Juu yake amechongwa Coyolxauhqui, dada wa Huitzilopochtli, ambaye kwa mujibu wa simulizi alishindwa na nduguye akakatwa viungo. Kichwa kiko mbali na kiwiliwili, mikono na miguu imetawanyika; hata hivyo mchongaji ameipanga kwa ustadi hata jicho lazunguka duara lote kama kwamba mwili huo unacheza ngoma. Jiwe hilo lililazwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ilipoangukia miili ya waliochinjwa kileleni. Uzuri wake haukanushiki, na ulikuwa na kazi maalumu: kumfanya atazamaye aone kifo kile kuwa mpango wa dunia tangu mwanzo, jambo lisilohojiwa.

Wamaya, waliokaa upande wa mashariki hadi Guatemala, waliacha ushahidi wa namna nyingine. Katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London kuna jiwe la juu ya mlango lililotolewa katika mji wa Kimaya wa Yaxchilan. Jiwe hilo laonyesha tendo la mwaka 709: mfalme ameshika mwenge, na mbele yake mkewe, ambaye wasomi humwita Bibi Xoc, amepiga magoti akipitisha kamba yenye miiba katika ulimi wake mwenyewe. Mavazi yake yamechongwa kwa uangalifu, uzi kwa uzi. Huyu ni malkia, na damu ni yake. Waazteki nao walikuwa na desturi hiyo. Wafalme na makuhani walijitoboa masikio na ndimi kwa miiba ya mmea ulio wa ukoo mmoja na mkonge, ambao sisi twaujua sana, kwa kuwa uliletwa kwetu mwaka 1893 ukiwa na asili ya nchi hizo hizo.

Lakini katika Bonampak, si mbali na Yaxchilan, zimo picha za ukutani za mwishoni mwa karne ya 8. Humo mfalme amesimama juu kwa fahari, na chini yake mateka wameketi uchi, damu ikiwatiririka vidoleni. Mchoraji amemchora mmoja wao amelala kwenye ngazi, amekwisha kufa, kwa mkono wa huruma kiasi kwamba watazamaji wa leo humkumbuka yeye kuliko mfalme. Na huko Chichen Itza, utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mifupa ya watoto 64 iliyokutwa katika shimo karibu na kisima kitakatifu ilikuwa ya wavulana watupu, baadhi yao wakiwa na undugu wa damu, miongoni mwao jozi mbili za pacha. Katika simulizi kuu za Wamaya pacha ni mashujaa walioshuka kuzimu kupambana na wafalme wa mauti. Kwa hiyo twaweza kudhani kwamba watoto wale hawakuchukiwa. Yamkini walipewa heshima kubwa. Mtoto, hata hivyo, hawezi kuikubali wala kuikataa heshima ya namna hiyo.

Twaona basi kwamba watu wale wale, wenye dini ile ile, walijua damu za aina mbili: damu ambayo mtu huitoa mwilini mwake, na damu ambayo huitoa mwilini mwa mwingine. Tofauti hii hatukuibuni sisi, wala haikuletwa na mgeni. Imo ndani ya mawe yao wenyewe.

Tusidhani kwamba mambo haya yako ng'ambo ya bahari tu. Katika Buganda ya karne ya 19, Kabaka aliweza kuamuru kiwendo, yaani watu wengi wakamatwe na kuuawa kwa mkupuo, kwa ajili ya afya yake au kwa heshima ya wafalme waliotangulia. Buganda hiyo hiyo ndiyo iliyotupa Kasubi, ikulu ambayo Mutesa I aliijenga mwaka 1882 ikawa kaburi lake mwaka 1884: nyumba kubwa ya nyasi na miti, ambayo ndani yake pazia la nguo za magome ya mti latenga pahali patakatifu wanapopumzika wafalme wanne. Nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikaungua Machi 2010, ikajengwa upya. Si mbali na hapo ni Namugongo, mahali pa kale pa kuulia watu, ambapo tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakristo waliteketezwa kwa amri ya Mwanga II. Leo mahujaji huenda Namugongo, na wageni huenda Kasubi. Ni vyema aendaye kwenye moja akumbuke na pengine.

Sasa turudi Kilimanjaro. Hapa hapakujengwa piramidi. Wachaga walimwomba Ruwa, wakawaheshimu wazee wao waliolala, na vitu vya ibada vilikuwa vya kawaida mno: pombe ya mbege, mwanakondoo, chungu cha udongo cha kuapizia, na jani la isale. Isale ni mmea wa mpakani na wa makaburini. Aliyemkosea mwenziwe akamletea jani hilo ameomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Mtu aliyezoea kuhesabu sanaa kwa ukubwa wa mawe aweza kupita vihambani asione kitu. Lakini sanaa ya dini ni umbo lolote ambalo kwalo watu hulifanya lisiloonekana lionekane, na kwa kipimo hicho kamba moja yatosha.

Kiapo cha kamba kiliandikwa na wamishenari wa Leipzig, waliofika mlimani mwaka 1893. Nchi mbili za Kichaga zilipopatana amani, mashujaa wa pande zote mbili waliketi chini mahali peupe, wamesongamana katika duara moja. Kamba ndefu ilizungushwa kuwazingira wote, mara tatu au mara saba, na mwanambuzi akachukuliwa pamoja nayo. Waliozungusha walikuwa vijana wawili ambao bado hawajatahiriwa, yaani wasio na mtoto. Maana kwa Mchaga hapakuwa na laana iliyopita ya kufa bila uzao. Maneno yalitamkwa na wazee waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Mwenye kuapa alijitakia mwenyewe kwamba akimdhuru mwenziwe kwa hila apasuliwe kama kamba ile na mbuzi yule, ng'ombe wake wateketee, afe kama kijana asiyeacha mtoto. Na akiushika uaminifu, watoto wake wawe wengi kama nyuki. Wote waliitikia. Kisha kamba na mbuzi vilikatwa kwa pigo moja, damu ikawarukia wajumbe wa pande mbili, na kila nchi ikachukua kipande chake cha kamba kwenda kukihifadhi. Ikiwa baadaye maradhi yangezuka, na mwaguzi akasema kwamba kiapo kimevunjwa, kamba ilitolewa ikapozwa kwa damu ya mwanakondoo.

Tulipime tendo hili. Mbuzi amekufa, ni kweli, na asiyependa kumwaga damu ya mnyama ana haki ya kusikitika. Lakini mbuzi hakuwa malipo ya deni la mtu. Alikuwa sura ya huyo anayeapa. Hatari yote ya kiapo ilimwelekea mwenye kinywa kilichoapa, pamoja na ng'ombe wake na uzao wake. Hakuna mateka aliyeletwa kutoka nchi ya tatu ili amani ya nchi mbili ithibitishwe kwa shingo yake. Na sanaa ya tendo hili, duara, kamba, pigo moja na vipande viwili vya kuhifadhi, haikukusudiwa kumtuliza mtu asihoji. Ilikusudiwa kumtia hofu mwenye nguvu ili asimgeuke mwenziwe.

Hatuyasemi haya ili tujipambe. Mlima huu umeona vita vya Wamangi, vita vya Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho, na umeona mateka wakiteremshwa kupelekwa pwani kuuzwa. Kuna pia neno dogo ambalo limo katika kamusi zetu na ambalo vijana hulitumia bila kujua uzito wake: kigego. Kigego ni mtoto aliyeota kwanza meno ya juu. Kwa makabila mengi ya nchi yetu, bara na pwani, mtoto huyo alidhaniwa kuwa na nuksi, na katika zama zilizopita wengi waliuawa ili ukoo usalimike. Hapakuwa na hekalu, hapakuwa na ngazi wala kisu cha jiwe. Palikuwa na kibanda, usiku, na mama aliyekatazwa kulia. Kwa hiyo Mtanzania anayewashangaa Wamaya kwa ajili ya watoto 64 wa Chichen Itza aanze kwanza kuwahesabu vigego ambao hakuna aliyewahesabu. Hata hao walikuwa kafara, na waliolipa walikuwa ndio wasio na kauli kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo Kilimanjaro yaweza kuifundisha dunia, nalo ni habari ya mafuvu. Wameksika walijenga mnara wa mafuvu ya watu waliotolewa ili watazamaji watetemeke. Wachaga, katika koo nyingi, walifukua fuvu la mzee wao baada ya muda wakaliweka kihambani penye masale, ili babu akae karibu na migomba yake na wajukuu wake. Fuvu la kwanza lilikuwa ni kitisho. La pili lilikuwa ni jamaa. Kisha ikaja aina ya tatu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi pamoja na wenziwe, jumla watu 19, wakiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kwa miaka mingi wazao wa Meli wamesimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, akakidai hadi uzeeni. Mjini Berlin, katika mkusanyiko wa mwanaanthropolojia Felix von Luschan, yalikuwapo mafuvu mengi ya Afrika Mashariki. Watafiti waliochunguza 1,135 miongoni mwayo walikuta kwamba 202 yalitoka katika eneo la Tanzania ya leo. Septemba 2023 ilitangazwa kwamba kwa vipimo vya vinasaba baadhi yake yamepatana na watu walio hai, na mojawapo ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo katika tangazo hilo.

Mafuvu hayo yalichukuliwa kwa jina la elimu. Yalipimwa, yakaandikwa namba, yakawekwa sandukuni, ili kuthibitisha nadharia ya vyeo vya mbari za watu ambayo leo hakuna mwanasayansi aitwaye mwanasayansi anayeikubali. Hapo hapakuwa na mungu wala kuhani, bali palikuwa na madhabahu, na juu yake alilazwa mtu wa mbali, maskini wa nguvu, kwa faida ya mwenye nguvu. Ndiyo maana hatukubali kwamba kafara ya watu ni habari ya dini za kale peke yake. Wahispania waliomlaani Mwazteki kwa kisu chake walikuwa na mioto yao ya kuwachomea waliowaita wazushi. Na tarehe 12 Julai 1562, pale Maní katika Yucatán, padri Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya, hata leo vimesalia vinne tu duniani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Hapa twatazamia pingamizi mbili. Ya kwanza itasema: kila watu wana mila zao, tusihukumu. Twajibu kwamba yule mateka wa Bonampak, mwenye vidole vinavyovuja damu, alikuwa naye ni Mmaya, na mila ile ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya mfalme. Tukinyamaza kwa heshima ya mila, twakuwa tumechagua kumsikiliza mmoja wa wana wa mila hiyo, yaani yule aliye juu ya ngazi. Kipimo tulichokitaja, kwamba mtu atoe kilicho chake, hakikutoka kwa padri wala kwa gavana. Kimo katika ulimi wa Bibi Xoc, kimo katika moto wa Nanahuatzin, kimo katika kamba ya Wachaga.

Pingamizi ya pili itasema: ikiwa ni hivyo, sanaa hiyo ni najisi, na itupwe. La hasha. Landa alichoma vitabu akidhani anachoma uovu, na aliyoyateketeza ni kumbukumbu: nyota zilizohesabiwa, majina ya watu, na hata majina ya waliouawa. Jiwe la Coyolxauhqui likivunjwa, waliouawa juu yake hawafufuki. Wanapoteza tu shahidi wao wa mwisho. Wajibu wetu ni kuitunza sanaa na kuisoma vizuri, tukimtafuta katika kila picha ya fahari yule aliyelazwa chini. Mchoraji wa Bonampak alikwisha kutuonyesha njia, kwa kuwa mkono wake ulimheshimu aliyeshindwa ilhali tumbo lake lililishwa na mshindi.

Elimu hii yatuhusu leo. Tangu miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu imeaibishwa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambapo viungo vya watu vilitafutwa kwa ajili ya kupata samaki, dhahabu au ushindi wa uchaguzi. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuingia Bungeni, mwenye ualbino wa kwanza kufanya hivyo. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaanza kuadhimisha siku ya watu wenye ualbino kila tarehe 13 Juni. Hata hivyo mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa tena, mkoani Kagera. Wako wanaosema kwamba hayo ni mila zetu za asili. Si kweli. Mzee aliyeapa ndani ya kamba aliiweka mezani nafsi yake na uzao wake. Anayenunua kiungo cha mtoto wa mwenziwe ili biashara ikue haweki chochote chake isipokuwa fedha. Huyo hana tambiko, ana soko.

Sisi tunaotunga mashairi na sisi tuliotumikia ofisi za umma tuna sehemu yetu maalumu katika swali hili. Mshairi hupenda sana neno damu. Twaimba damu ya mashujaa, damu iliyorutubisha ardhi, damu iliyonunua uhuru, na vina huja vyenyewe. Ni haki kuwaimba waliojitoa. Lakini kila tunapoliandika neno hilo yatupasa kuuliza kama mwenye damu alitoa au alitolewa, maana tukiyapamba yote kwa vina sawasawa, twakuwa tumechonga jiwe la chini ya ngazi. Mtumishi wa umma naye hupenda neno kujitolea. Huliandika katika nyaraka na kulitamka mikutanoni: wananchi wajitolee, wananchi wajinyime, kizazi hiki kivumilie kwa ajili ya kijacho. Taifa haliwezi kujengwa pasipo maneno hayo, nasi tumeyaandika kwa nia njema. Ila kamba ya Wachaga yatuuliza: aliyeuandika waraka ameketi ndani ya duara au nje yake? Kiongozi anayeomba watu wafunge mkanda naye akafunga wake, huyo ameapa. Anayeomba hali amelegeza wake amepanda ngazi na kumwacha mwenziwe alale juu ya jiwe.

Kwa walimu na wanafunzi tungependa kupendekeza zoezi moja. Mtakaposoma habari ya tendo lolote kubwa lililotukuzwa, liwe hekalu, kaburi la mfalme, reli, bwawa, vita au ushindi, msiishie kuuliza lilifanywa na nani na mwaka gani. Ulizeni pia: aliyefaidika alikuwa nani, aliyelipa alikuwa nani, na je, mlipaji aliulizwa? Kisha waendeeni wazee wa vijijini mwenu, hasa bibi zetu, muwaulize habari za vigego kwa adabu na kwa upole, maana wengine wana dada au kaka ambaye hawakumwona. Yaandikeni majina, kama yapo. Na mahali pasipo na jina, andikeni kwamba alikuwapo mtoto.